Ng'ombe hazeeki maini, lakini nani atamrithi Usyk?

Haya msomaji wangu, leo tuweke mapenzi pembeni, tuongee masumbwi.

Julai 19, 2025 uwanja wa Wembley, London, ulifurika. Daniel Dubois wa Uingereza, miaka 27, alikuwa anazichapa na Oleksandr Usyk wa Ukraine, miaka 38. Dubois alimzidi mwenzake zaidi ya kilo 7, na Septemba 2024, uwanjani hapohapo, alikuwa amemlambisha sakafu Anthony Joshua. Kijiweni kwetu vijana walishamzika mzee wa watu.

Kilichotokea? Raundi ya tano Dubois kaenda chini mara mbili, mara ya pili kwa konde zito la kushoto. Kwisha habari! Mikanda yote minne, WBA, WBC, IBF na WBO, ikabebwa na mzee. Ng'ombe hazeeki maini.

Nilishangilia, sikatai. Lakini nilipotulia nikajiuliza: hivi uzito wa juu una mrithi kweli?

Nisikilize. Kabla Usyk hajampiga Tyson Fury mjini Riyadh Mei 2024, bingwa wa mwisho asiye na mpinzani katika uzito huu alitokana na pambano la Novemba 1999, Lennox Lewis alipomshinda Evander Holyfield. Robo karne nzima! Katikati hapo kila chama na bingwa wake, sisi mashabiki kazi yetu kubishana tu.

Na mambo yameanza kurudi kulekule. Novemba 2025 Usyk aliuachia mkanda wa WBO, akapewa Fabio Wardley. Simsemi vibaya Wardley. Oktoba mwaka huo alimsimamisha Joseph Parker raundi ya 11, kazi ya kiume kabisa. Ila ukweli ubaki ukweli: aliitwa bingwa bila kumgusa Usyk hata kwa kidole.

Wengine watanitajia Moses Itauma, kijana aliyezaliwa Desemba 2004. Agosti 2025 alimmaliza Dillian Whyte raundi ya kwanza tu. Dogo ni moto! Lakini Whyte alikuwa na miaka 37 na siku zake nzuri zilishapita. Kumpiga yeye ni jambo moja, kumvua taji mfalme ni jambo lingine.

Ninachoogopa ni yale ya Lewis. Juni 2003 alimshinda Vitali Klitschko kwa sababu jamaa alichanika vibaya usoni, huku akiongoza kwa pointi. Dunia nzima ikataka marudiano. Februari 2004 Lewis akatundika glavu. Vitali akauchukua mkanda wa WBC kwa kumpiga mtu mwingine, lakini mpaka leo ukimtaja kijiweni lazima mtu aulize, "Angemuweza Lewis?"

Msomaji, hilo ndilo deni ambalo Usyk asituachie. Wanaosema apumzike na heshima zake wana huruma, lakini huruma hiyo inawaumiza vijana. Mtoto apite mikononi mwa mzee. Akipigwa, amejifunza. Akishinda, hakuna wa kumuuliza chochote mpaka anazeeka. Mkanda wa kupewa mezani hauna utamu huo, hata ungekuwa wa dhahabu tupu.

Wewe unasemaje? Tukutane wiki ijayo, mapenzi yanarudi.