Unda Kiberenge kwa Mpangilio wa Karakana Yake

Mwaka 1931, katika karakana ya mji wa Ridgway, jimbo la Colorado nchini Marekani, mafundi wa reli ya Rio Grande Southern walichukua gari dogo la Buick, wakalifunga magurudumu ya chuma na kulipandisha relini. Kampuni ilikuwa mikononi mwa msimamizi aliyewekwa na mahakama. Abiria walikuwa wachache, lakini barua zilipaswa kufika, na kuwasha injini ya mvuke kwa magunia machache kulikula fedha nyingi kuliko ilizoingiza. Kiberenge cha petroli kilitosheka na dereva mmoja. Hadi 1936 reli hiyo ilikuwa imejiundia saba, vikajulikana kwa jina la Galloping Goose, yaani bata bukini anayekwenda mbio, inasemekana kwa vile vilivyoyumba njiani.

Anayetaka kuunda mfano wa reli kwa mkono, bila vipande vya dukani, namshauri aanze na hivi. Vyenyewe viliungwaungwa kwa magari makuukuu na mabati, na kila kimoja kina sura yake. Ukifuata hatua walizofuata wale mafundi, mfano wako utabeba alama za mikono yao.

Kwanza chagua namba na mwaka. Kiberenge namba 5 kilianza 1933 na bodi ya gari la Pierce-Arrow, katika miaka ya 1940 kikavishwa bodi ya basi, na 1950 sanduku lake la mizigo likatobolewa madirisha ili lichukue watalii. Hizo ni sura tatu za chombo kimoja. Ukichanganya picha za miaka tofauti, utaunda kitu ambacho hakikuwahi kupita Colorado.

Kisha gawanya vipimo. Reli hiyo ilikuwa ya geji nyembamba, milimita 914. Kwa kipimo cha 1:48, nafasi kati ya reli zako ni milimita 19. Kwa 1:87 ni 10.5. Mtu wa mita 1.8 anakuwa na milimita 37.5 katika kipimo cha kwanza, na chini kidogo ya 21 katika cha pili. Kata kijimtu cha karatasi chenye urefu huo, ukisimamishe mlangoni mwa mchoro wako. Akiinama kuingia, kuna hesabu umeikosea.

Bodi iundwe kwa bapa jembamba la plastiki. Usilikate hadi chini: lichore kwa kisu ukifuata rula ya chuma, kisha likunje livunjike kwenye mstari. Tumia gundi ya kimiminika inayoyeyusha plastiki, maana huyeyusha kingo mbili zikashikana kuwa kitu kimoja. Vichwa vya ribiti visukumwe kwa nyuma na sindano butu, kabla ukuta haujaunganishwa na mwenzake. Hapa wengi huharibu kazi. Kichwa cha ribiti cha milimita 25 katika 1:48 ni nusu milimita tu. Ribiti zikikua, kiberenge kinageuka chombo cha kuchezea.

Mota ya umeme ifiche ndani ya sanduku la mizigo, na uzito ukae juu ya magurudumu yanayosukuma, maana chombo chepesi huteleza na hushindwa kuchukua umeme vizuri kutoka kwenye reli. Bogi moja, yaani fremu inayobeba magurudumu, liache liinuke upande mmoja kidogo, ili magurudumu yote yaguse reli hata pale njia isipolala sawa.

Sasa nenda kwenye vitu vidogo: taa kubwa ya mbele, rejeta, na kisukumio cha kuondoa ng'ombe njiani. Sehemu zake nyembamba zipinde kwa waya wa shaba wa milimita 0.4, kwa kuwa plastiki nyembamba hivyo huvunjika kwa kuguswa. Rangi iliyozoeleka ni ya fedha, lakini usiiache ing'ae. Ipake rangi nyembamba ya kijivu iliyozimuliwa, kisha vumbi la chaki chini ya milango, mahali miguu ilipopita.

Ukichagua sura ya 1950, madirisha yake yaache mwisho kabisa. Unda kwanza sanduku zima la mizigo lisilo na dirisha, ulipake rangi, ndipo ulitoboe, kama walivyofanya mafundi wa Ridgway barua zilipohamia kwenye malori. Fremu mpya itakaa juu ya rangi ya zamani, na kingo zitaonyesha kwamba ukuta ule haukuumbwa kwa ajili ya kutazama nje. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini anayeinamia meza yako akayaona madirisha hayo, ataelewa bila kuambiwa kwamba watu walikuwa bado wanaihangaikia.