Kiungo kilichoteguka ni hatari kuliko kilichokatika

MAJUZI nilikuwa nyumbani kijijini, upande wa Konoin, kaunti ya Bomet, mpwa wangu aliponijia na simu mkononi. Binti huyu amemaliza kidato cha nne. Huku akisubiri kujiunga na chuo, asubuhi humsaidia mama yake kuchuma chai, na jioni hujifundisha kuandika programu za kompyuta. Siku hiyo alikuwa amenuna.

"Mjomba, hawa watu wananichezea. Wanasema nibonyeze hapa nipate maelezo zaidi. Nabonyeza, hakuna kitu. Na bando yangu ya shilingi ishirini ndiyo hiyo inaisha. Kwani link iliyokufa inaitwaje kwa Kiswahili?"

Nilimjibu haraka, kama ilivyo ada yetu sisi walimu wa lugha: "Kiungo mfu." Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Sawa, hicho cha kwanza kimekufa. Lakini hiki cha pili hakijafa, Mjomba. Kinafunguka vizuri tu, ila nikifuata wanachosema, programu yangu inakataa. Nilidhani ni mimi sielewi."

Mpenzi msomaji, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala ya leo.

Tuanze na neno lenyewe. Kiungo linatokana na kitenzi unga, yaani kuleta pamoja vitu viwili vishikane. Kitenzi hicho kimezaa jamii kubwa: muungano, kiunganishi, mwungano wa mifupa, hata kuunga mchuzi. Kwa hiyo kiungo ni goti au kiwiko, mahali mfupa unapokutana na mfupa. Kiungo ni tangawizi au iliki inayotiwa kwenye chai. Na kiungo ni mchezaji wa kati anayeunganisha ulinzi na mashambulizi. Huyu wa mpirani hupewa upatanisho wa viumbe hai: tunasema kiungo amefunga bao, bali kiungo cha mwili kimevimba. Kiungo cha mtandao ni cha kundi hili la pili. Ni maandishi unayoyabonyeza yakakupeleka kwenye ukurasa mwingine.

Sasa, ikiwa tumelikopa neno hili kutoka mwilini, kwa nini tusikope pia maneno ya maradhi yake? Kiungo cha mwili hakina ugonjwa mmoja. Chaweza kukatika, na kila mtu akaona kwamba mguu haupo. Chaweza pia kuteguka: mguu upo, ngozi haina jeraha, lakini mfupa umetoka mahali pake na kila hatua ni maumivu. Mpwa wangu alikuwa amekutana na maradhi yote mawili jioni moja.

Ili tuelewane, yafaa nieleze alichokuwa akisoma. Waandishi wa programu hawaandiki kila kitu upya. Hutumia kile wanachokiita maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa misimbo iliyoandikwa na wengine, tayari kuazimwa. Anayetaka programu yake ichore grafu ya kilo za majani alizochuma mama yake kwa mwezi hana haja ya kuanza kwa kuifundisha kompyuta kuchora mstari. Huazima maktaba inayojua kazi hiyo. Maktaba hiyo huja na maelezo ya matumizi, na maelezo hayo yamejaa viungo: kwa mfano zaidi tazama hapa, kuhusu kanuni hii soma pale. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini, kiungo kibovu ni usumbufu mdogo. Atamuuliza jirani yake. Kwa anayejifundisha peke yake kwenye kilima cha chai, maelezo hayo ndiye mwalimu pekee.

Viungo hivi hukatika kwa sababu za kawaida sana. Mwenye tovuti ameacha kulipia jina lake. Chuo kimebadilisha muundo wa tovuti. Huduma iliyohifadhi kurasa imefungwa. Mfano unaojulikana sana ni Google Code, iliyofunguliwa mwaka 2006 na kubeba maelfu ya maktaba za programu. Ilipofungwa Januari 2016, maktaba nyingi zilikuwa zimehamia GitHub, lakini maelezo yaliyoandikwa kwingineko yaliendelea kuelekeza watu kwenye nyumba ya zamani. Na tatizo si la waandishi wa programu peke yao. Mwaka 2024 taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye.

Kiungo kikikatika, angalau kompyuta husema ukweli. Kila unapobonyeza, kompyuta ya upande wa pili hujibu kwa tarakimu tatu kabla ya kutuma chochote. 200 ni kusema karibu, ukurasa huu hapa. 301 ni kusema tumehama moja kwa moja, anwani mpya ni hii. 404 ni kusema sikuona kitu hicho. 410 ni kusema kilikuwapo, kimeondolewa kabisa. Msomaji akipata 404 atakasirika, atasonya, lakini atajua kwamba kosa si lake.

Kiungo kilichoteguka, kinyume chake, hujibu 200. Hebu tuchukue kisa cha mpwa wangu. Alikuwa akijifunza lugha ya programu iitwayo Python. Toleo la tatu la lugha hiyo lilitoka Desemba 2008, na toleo la pili likastaafishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Lakini maelezo ya toleo la pili hayakufutwa, na ni haki yasifutwe kwa kuwa wapo wanaotunza programu za zamani. Maelezo ya maktaba aliyokuwa akisoma yaliandikwa enzi hizo, na kiungo chake kilimpeleka huko. Akafundishwa kwamba ukitaka kompyuta iandike neno kwenye kioo, unaandika print, kisha neno lako ndani ya alama za kunukuu, basi. Katika toleo la tatu lazima neno hilo liwekwe ndani ya mabano. Binti alinakili kama alivyoelekezwa, kompyuta ikamjibu kwamba amekosea sarufi. Alirudia mara nne, herufi kwa herufi, jibu likawa lilelile. Akahitimisha kwamba kichwa chake ni kizito.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kiungo kilichokatika humkasirisha msomaji, ilhali kilichoteguka humfanya ajidharau.

Basi viungo hivi hutibiwaje? Nilikaa na mpwa wangu jioni tatu tukichunguza jambo hili, yeye akiniongoza kwenye kompyuta nami nikimwongoza kwenye maneno. Hatua ya kwanza hufanywa na mashine. Zipo programu zinazopita kwenye maelezo yote, zikabonyeza kila kiungo na kuandika jibu lililopatikana. Sphinx, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya maelezo ya Python yenyewe, kina amri iitwayo linkcheck ya kazi hiyohiyo. Ndani ya dakika chache unapata orodha: hivi vizima, hivi vimehama, hivi vimekatika.

Waliohamishwa kwa 301 ni wepesi. Unaandika anwani mpya badala ya ile ya zamani. Waliokatika wanadai upelelezi. Unatafuta kichwa cha ukurasa huo, kwa kuwa mara nyingi umehamia tu chumba kingine. Usipoupata, unakwenda Internet Archive, shirika lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo huhifadhi nakala za kurasa za wavuti. Tangu mwaka 2001 umma umeweza kuzisoma nakala hizo kupitia Wayback Machine. Unaweka kiungo cha nakala hiyo na kutaja tarehe yake. Na huko pia usipoupata, unaondoa kiungo lakini unaacha jina la kazi na la mwandishi, ili msomaji ajue ni nini kilichotajwa.

Lakini waliojibu 200 ndio wanaohitaji binadamu. Mashine haiwezi kukuambia kwamba ukurasa uliofunguka unazungumzia toleo la zamani. Kuna hata tovuti ambazo zikikosa ukurasa hukuonyesha maneno "samahani, hatukuona ulichotafuta" huku zikijibu 200, na mashine ikapita ikiridhika. Lazima mtu afungue, asome sentensi inayotangulia kiungo, asome ukurasa anaopelekwa, kisha ajiulize: je, hiki ndicho kilichoahidiwa? Hiyo ni kazi ya usomaji, ndugu zangu, na ndiyo sababu sioni aibu kuizungumzia katika safu ya lugha.

Kuna vilevile vya kuachwa. Orodha ya mabadiliko ya mwaka 2010 ni kumbukumbu. Ukiirekebisha ionekane ya leo, umeghushi historia.

Swali linalobaki ni hili: je, ni lazima viungo viteguke? Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba lawama haipaswi kutupiwa teknolojia, bali wenye tovuti wanaohamisha anwani bila sababu ya haja. Ushauri wake ulikuwa kwamba usitie ndani ya anwani mambo yatakayobadilika kesho: jina la mwandishi, hali ya waraka, wala aina ya programu inayouendesha.

Sisi wa nchi ya chai tungemwelewa haraka. Kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Nakuru kuna mahali paitwapo Brooke. Mashamba ya Brooke Bond yamebadilisha jina zaidi ya mara moja, yakaja kuitwa Unilever na mengine baada ya hapo. Lakini mwambie makanga "nishushe Brooke" na utashushwa mahali palepale aliposhukia babu yako. Anwani imeshinda mwenyewe kwa umri.

Au tazama pale Timbilil, Kericho, kwenye taasisi ya utafiti wa chai. Wakati mmoja ilikuwa taasisi ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1980 ikazaliwa Tea Research Foundation of Kenya, kwa kifupi TRFK. Baadaye kazi hiyo iliwekwa chini ya KALRO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Miaka miwili kabla ya sheria hiyo ndipo ulipotolewa mche wa chai ya zambarau uitwao TRFK 306. Jina la taasisi limebadilika, ila mche haukubatizwa upya. Mtafiti anayeandika leo na aliyeandika mwaka 2011 wakisema TRFK 306, wanasema mmea mmoja. Wataalamu wa miche walielewa kwamba kitambulisho kikishatolewa, si mali ya aliyekitoa tena. Ni mali ya wote wanaokitumia kuelewana.

Hata sisi wa Kiswahili tumefanya hivyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, TUKI, iligeuka kuwa TATAKI mwaka 2009, lakini tukinukuu toleo la 2004 la Kamusi ya Kiswahili Sanifu bado tunaandika TUKI. Hatumtumi msomaji akatafute kwenye rafu kitabu chenye jina ambalo halimo kwenye jalada lake.

Nami pia nina deni la kukiri. Baada ya jioni zile tatu nilifungua mwongozo niliowaandalia wanafunzi wangu wa uzamili miaka tisa iliyopita, na ambao wanaendelea kuutumia. Ulikuwa na viungo 14. Sita havikufunguka. Kimoja, nilichokuwa nimekiita makala muhimu kuhusu fonolojia, kilifunguka na kuonyesha matangazo ya kuuza viatu. Ni wanafunzi wangapi walifika hapo, wakaona haya kuniuliza, wakadhani wao ndio waliokosea? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia. Nimekwisha kuurekebisha, nikaandika chini ya kila kiungo tarehe niliyokihakiki.

Kwa hiyo napendekeza istilahi tatu, wasomaji mzipime. Kiungo kilichokatika kiwe kile kisichofika popote. Kiungo kilichohama kiwe kile chenye anwani mpya inayojulikana. Na kiungo kilichoteguka kiwe kile kinachofunguka lakini hakifiki kilikoahidi. Kiungo mfu ni neno zuri kwa kupigia kelele, ila halimwambii fundi atibu nini. Ukisema kiungo kimeteguka, umekwisha kutaja ugonjwa na umekwisha kudokeza dawa: kirudishwe mahali pake.

Mpwa wangu hakungoja istilahi. Aliwaandikia watunzaji wa ile maktaba, akawatumia masahihisho ya viungo viwili na sentensi moja ya kueleza sababu. Baada ya siku chache walijibu kwamba wameyapokea. Aliniletea ujumbe huo nikiwa nangoja gari kando ya kituo cha kukusanyia majani, kikapu bado kiko mgongoni.

"Kumbe haikuwa mimi, Mjomba," alisema, akashuka kwenda kupimisha.