Sikukuu ya Tai katika Ziwa Reelfoot

Kila mwaka, Januari inapokwisha na Februari kuanza, watu wengi husafiri hata pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Tennessee, nchini Marekani, kwenda kuwatazama tai. Wakati huo baridi ni kali, na miti imepukutika majani. Lakini ndio wakati ambao tai huonekana kwa wingi, na kwa hiyo wenyeji wa Tiptonville, mji mdogo ulio karibu na Ziwa Reelfoot, wamewafanyia sikukuu yao.

Ziwa lenyewe lina habari ya ajabu, maana hapo kale halikuwako. Mahali pake palikuwa na msitu na kijito. Tarehe 16 Desemba 1811 nchi ilianza kutetemeka, na matetemeko yakafuatana kwa majuma mengi. Mojawapo la yale makubwa kabisa lilitokea tarehe 7 Februari 1812. Ardhi ikadidimia huku na kuinuka kule, kijito kikazibwa, maji yakajaa bondeni na kuufunika msitu. Kina cha ziwa hilo ni kidogo. Mahali pengi mtu mrefu aweza kusimama na kichwa chake kikabaki juu ya maji. Ndani yake imesimama miti mirefu ya jamaa ya mberoshi, ambayo shina lake halidhuriki kwa kukaa majini. Samaki ni tele, na bata wa mwitu huja kwa maelfu.

Mtoto akaaye kando ya Ziwa Viktoria au Naivasha hatapata shida kumfahamu tai huyu, kwa kuwa afanana sana na furukombe. Wote wawili wana kichwa cheupe, na wote huvua samaki kwa makucha. Lakini weupe wa furukombe hushuka mpaka kifuani, na ule wa tai wa Marekani hukoma shingoni, kisha huonekana tena mkiani. Tena huyu ni mkubwa zaidi: mabawa yake yakikunjuliwa hufika futi 6, hata 7. Waingereza humwita kwa jina lenye maana ya kipara, ingawa kichwa chake kina manyoya tele; zamani neno lao hilo lilikuwa na maana ya weupe. Kinda lake huwa la rangi ya kahawia mwili mzima, wala halipati kichwa cheupe mpaka litimize miaka 4 au 5.

Huko kaskazini, wakati wa baridi, maziwa huganda yakawa barafu, na tai hawezi kuvua palipo barafu. Hapo huufuata upande wa kusini, akitafuta maji yaliyo wazi, na wengi hutua Reelfoot.

Mwaka 1782 picha ya tai huyu iliwekwa katika mhuri wa taifa la Marekani. Mtu angedhani kwamba baada ya heshima hiyo hakuna ambaye angethubutu kumgusa. Kumbe, huko Alaska, tangu 1917 serikali ilitoa fedha kwa kila aliyeleta miguu ya tai, kwa sababu wavuvi walisema kwamba ndege hao wanawamalizia samaki. Tai zaidi ya 100,000 waliuawa kwa ajili ya fedha hizo. Sheria ya kuwalinda tai ilitungwa mwaka 1940, lakini Alaska haikuwamo ndani yake.

Kisha ikaja hatari nyingine, isiyo na mlio wa bunduki. Baada ya Vita Kuu ya pili, dawa ya DDT ilinyunyizwa mashambani na katika vinamasi. Ilisifiwa sana, wala haikusifiwa bure, kwani iliua mbu waletao homa. Lakini mvua iliichukua mpaka mitoni na ziwani. Vijidudu vya majini viliila, samaki wadogo wakala vijidudu, samaki wakubwa wakala wadogo, na tai akala wakubwa. Kwa kila hatua sumu ilizidi kukusanyika. Tai mwenyewe hakufa; aliruka na kuvua kama desturi yake. Ila maganda ya mayai yake yalikuwa membamba, na mama alipoyaatamia yalivunjika chini yake. Mwaka 1963, katika majimbo 48 yaliyopakana, jozi za tai wenye viota hazikufika 500. Huko Tennessee ilipita miaka mingi bila kinda hata moja kuruka kutoka kiotani.

Mwaka 1972 matumizi ya dawa hiyo mashambani yalikatazwa. Katika miaka ya 1980 makinda yaliletwa Tennessee kutoka mahali palipokuwa na tai wengi, yakawekwa katika vibanda vilivyojengwa juu ya milingoti mirefu. Watunzaji waliyalisha samaki kwa kujificha, ili yasizoee watu. Yalipoota mabawa ya kutosha, milango ilifunguliwa. Tai aghalabu hurudi kuzaa karibu na mahali alipojifunza kuruka. Mwaka 2007 tai huyu aliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2021 ilionyesha jozi zaidi ya 71,000 katika majimbo yale yale 48.

Basi siku za sikukuu watu hupanda mabasi pamoja na viongozi waijuao nchi. Basi husimama kila tai aonekanapo mtini, na darubini hupokezanwa kutoka mkono hata mkono. Watoto wengi hutafuta kichwa cheupe tu, na hivyo humkosa tai mchanga wa kahawia aliyekaa tawi la pili. Mjini huonyeshwa ndege wawindaji walio hai, mikononi mwa watunzaji wao. Aghalabu ndege wa namna hiyo ni wale walioumia, wasioweza tena kujilisha mwituni.

Wengine hudhuriwa na risasi ambazo hawakupigwa wao. Mwindaji huua paa, huacha matumbo porini, na tai hula vipande vya madini ya risasi vilivyomo ndani yake. Mwaka 2022 wataalamu walitoa habari za tai 1,210 wa aina mbili waliopimwa katika majimbo 38, na karibu nusu yao walikuwa na sumu hiyo mifupani. Siku hizi wako wawindaji wanaotumia risasi za shaba badala yake.