Mwanafunzi Mwenye Wagonjwa

Mafunzo ya ubingwa wa udaktari Afrika Mashariki huanza pale ambapo wasomi wa fani nyingine wamekwisha kutulia kazini. Nchini Tanzania daktari husoma shahada ya kwanza kwa miaka 5, hutumikia mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha mara nyingi hufanya kazi mikoani kabla ya kurudi chuoni. Kenya shahada hiyo ya kwanza huchukua miaka 6. Ndiyo maana wengi wanaoingia mwaka wa kwanza wa ubingwa wamekaribia miaka 30 au wameipita, wana watoto, na huko wilayani walikotoka walikuwa wakitoa uamuzi wa mwisho usiku wa manane. Wakifika hospitali za kufundishia kama Muhimbili, KCMC au Bugando huwa maresidenti, na huanza tena chini kabisa ya ngazi.

Residenti ana hadhi mbili kwa wakati mmoja. Kwa chuo ni mwanafunzi anayedaiwa ada, mitihani na tasnifu. Kwa hospitali ni daktari ambaye wodi haiendi bila yeye. Mengi anayoyalalamikia, na mengi anayojivunia baadaye, yanatokana na hadhi hizo kugongana.

Siku yake huanza na ripoti ya asubuhi. Aliyekesha zamu husimama mbele ya mabingwa na wenzake akaeleza waliolazwa usiku: kilichowaleta, alichokikuta alipowapima, vipimo alivyoagiza na kwa nini. Maswali hayaji kwa upole. Mjamzito aliyefika na shinikizo la damu la 170 kwa 110 na kichwa kinamuuma, alipewa magnesiamu salfeti saa ngapi? Nani alihesabu pumzi zake na kupima mkojo wake kabla ya dozi iliyofuata? Kama jibu halimo kwenye faili, kazi hiyo huhesabiwa kuwa haikufanyika. Kutoka hapo ni raundi ya wodini, kliniki, chumba cha upasuaji, na kuwasimamia madaktari tarajali ambao nao wanamtazama yeye kama mwalimu. Mihadhara ipo, lakini ubingwa hasa hujengwa kwa kuulizwa mbele ya watu. Njia hiyo hunoa akili haraka. Pia huumiza, na mpaka kati ya kunoa na kudhalilisha hutegemea tabia ya bingwa kuliko mtaala.

Muda wa mafunzo hutofautiana. Muhimbili, fani nyingi za MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari, ni za miaka 3. Chuo Kikuu cha Nairobi, upasuaji huchukua miaka 5. Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, iko mfukoni. Katika wodi moja, kwa zamu zilezile, huweza kuwapo daktari aliyeruhusiwa na mwajiri wa serikali ambaye mshahara wake unaendelea, mwingine aliyepata ufadhili, na wa tatu aliyejilipia. Huyu wa tatu humaliza zamu ya chuo akaenda kufanya lokamu, yaani kazi ya kushikilia zamu kwa malipo, katika hospitali binafsi ili apate kodi ya nyumba na ada ya muhula. Kenya na Uganda malalamiko ya maresidenti wasiolipwa ni ya miaka mingi. Ni vigumu kuwapinga: mgonjwa aliyeshonwa saa tisa usiku ameshonwa na daktari, awe amelipwa au la.

Upasuaji umepata njia ya pembeni. Mwaka 1999 ilianzishwa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho hakina majengo ya mihadhara wala hospitali yake. Mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyoidhinishwa, akiwa mwajiriwa, akifundishwa na mabingwa waliopo, na kuandika kila upasuaji anaoshiriki. Baada ya miaka 2 hufanya mtihani wa ngazi ya kwanza. Angalau mitatu mingine ndiyo humfikisha kwenye ubingwa. Mtihani ni mmoja kwa nchi zote wanachama.

Wanaofuata njia ya chuo kikuu hukwama zaidi kwenye tasnifu. Pendekezo la utafiti lazima lisomwe na msimamizi, lipite idarani, kisha lipate kibali cha kamati ya maadili kabla mgonjwa wa kwanza hajaombwa ridhaa. Msimamizi naye ana wodi, kliniki na wanafunzi wengine. Ndipo residenti hujikuta anakusanya data katikati ya zamu, akichagua swali linaloweza kujibiwa kwa mafaili ya hospitali na si lile lililomnyima usingizi. Matokeo yake ni makabati ya tasnifu kuhusu ukubwa wa tatizo hili au lile, na chache mno zinazojaribu tiba.

Uzamili wa sayansi za tiba, kama vile mikrobiolojia, parasitolojia na biolojia ya molekuli, una mwendo mwingine. Huko hakuna king'ora cha zamu, kuna uvumilivu. Katika majaribio ya malaria, tone la damu hupakwa kwenye kioo, likatiwa rangi ya Giemsa, kisha msomaji huhesabu vimelea huku akihesabu pia chembe nyeupe za damu hadi zifike 200. Idadi ya vimelea huzidishwa kwa 40, kwa kukadiria kwamba kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Msomaji wa pili husoma kioo hichohicho bila kuona jibu la kwanza. Wakitofautiana sana huitwa wa tatu. Kazi ya namna hiyo ilifanyika Bagamoyo, Korogwe na Kilifi wakati chanjo ya malaria ya RTS,S ilipokuwa ikijaribiwa kuanzia 2009 hadi 2014, na vijana waliopitia miradi kama hiyo wengi walipata humo shahada zao.

Ngazi ya uzamivu huhitaji taasisi yenye fedha. Kilifi, kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, kilichoanza 1989, humchukua kijana tangu stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti, inayotolewa pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani, hadi uzamivu. Muhimbili kwa miaka mingi ilishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Stockholm kwa fedha za Sweden: data zilikusanywa nyumbani, sehemu ya masomo ilifanyika Ulaya.

Baada ya hapo njia zinaachana. Daktari bingwa huwa na soko: hospitali za rufaa, hospitali binafsi, au masomo zaidi ya ubobezi katika moyo, figo au saratani. Mwanasayansi hutazama taasisi za utafiti kama NIMR na Ifakara, maabara za serikali, mamlaka za udhibiti wa dawa au uhadhiri, na ajira nyingi za utafiti ni mikataba inayokufa pamoja na mradi. Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, wapo waliopoteza kazi kabla data zao hazijachambuliwa. Wachache huchanganya njia zote mbili, wakiongeza uzamivu juu ya MMed. Hao ndio vyuo vinawahitaji zaidi kusimamia tasnifu, na ndio wenye muda mdogo zaidi wa kuzisoma.