Walipofungiwa Mlango

Ukienda Jozani kutazama kima punju, waulize vijana wa huko habari za Zanzibar Heroes. Wataanzia 1995, timu ilipotwaa Kombe la Chalenji Uganda kwa kuwafunga wenyeji 1-0. Halafu sauti itashuka. Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Julai ikaitoa, ikisema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili.

Je, umewahi kufukuzwa na ndugu, kama Yefta? Desemba hiyohiyo vijana wale walikwenda Kenya, wakaifunga Bara 2-1 (hilo Unguja halijasahauliwa), wakaitoa Uganda. Fainali, Machakos, wenyeji waliwashinda kwa penalti. Walirudi bila kombe. Watu walijaa barabarani kuwapokea.