Motokari ikinasa mu potopoto: treyi inaokoa, lakini inaua pia

Ilikuwa saa kumi ya mchana, mwezi wa kwanza, mu njia ya Mitwaba. Mvua ilinyesha usiku mzima. Mu Land Cruiser tulikuwa watu nane. Nyuma, juu ya godoro, tulilalisha kijana mmoja mkrezeri: jiwe lilimwangukia mu shimo asubuhi ile, mguu ukavunjika. Mama yake alikaa kando, kichwa cha mtoto juu ya magoti yake. Tulipofika ku dembo, shofere akasimamisha, akashuka, akaangalia maji, akasema tu: « Tutajaribu. » Katikati ya dembo, magurudumu yote manne yakazama. Motokari ikalala juu ya tumbo.

Kila mtu anayefanya kazi ku mine anajua saa ile. Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, njia zetu za udongo zinakuwa mitego. Feza inapotea, chakula kinaoza, mgonjwa anangojea. Basi watu wote wanataka kitu kimoja: vuta, twende. Na pale ndipo hatari inaanza.

Kwanza pele, kisha treyi

Shofere wetu hakukimbilia treyi. Alianza na kutosha watu na mizigo. Kijana tulimbeba na godoro lake mpaka fasi kavu. Kisha akaomba pele. Vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kufika, na wakrezeri tuliokuwa nao walishuka pia mu potopoto. Wakachimba mbele ya kila gurudumu, wakatosha udongo chini ya tumbo la motokari, wakaweka matawi. Shofere akapunguza hewa kidogo mu magurudumu, ili yakanyage fasi kubwa zaidi.

Wengi wanafikiri hii ni kupoteza wakati. Hapana. Motokari iliyozama mpaka ku tumbo inashikwa na udongo sawa mtu aliyeshikwa ku miguu. Ukiivuta bila kuchimba, treyi inabeba uzito wa motokari na nguvu ya udongo pamoja. Land Cruiser yenye mizigo inaweza kufika tani 3. Kanuni ya watu wa kazi ni kwamba treyi iwe na nguvu mara moja na nusu ya uzito ule: kwa tani 3, treyi ya tani 4 na nusu. Na ile namba iliyoandikwa juu ya treyi ni ya kamba ikiwa imebakia mzunguko wa chini kabisa ku ngoma. Kadiri kamba inavyojirundika juu ya ngoma, nguvu inapunguka, inaweza kupoteza hata sehemu moja kwa tatu. Ndiyo maana ni vizuri kufungua kamba ndefu. Lakini usiifungue yote: mizunguko mitano ibakie ku ngoma, kama siyo vile kamba itachomoka ku shina lake.

Fasi haina mti

Mu dembo hamna miti. Mti wa karibu ulikuwa mbali sana, na kamba yetu ilikuwa ya mita 28 tu. Shofere akafungua gurudumu la akiba, akauliza: « Nani kati yenu anajua kuchimba? » Wote wakacheka. Kuchimba ndiyo kazi yetu.

Ku udongo mgumu, ng'ambo ya dembo, wakachimba shimo la mita moja kwenda chini. Upande unaoangalia motokari wakakata mfereji mwembamba, ili kamba ipite chini chini bila kuvutwa kwenda juu. Gurudumu likasimamishwa ndani ya shimo, mgongo wake ukilalia ukuta wa upande wa motokari, chuma kikapitishwa ku tundu la katikati, kamba ikafungwa ku chuma kile. Kisha wakarudisha udongo, wakaukanyaga kwa miguu. Kwa watu wengine ingekuwa kazi ya saa mbili. Wakrezeri wetu walimaliza mbele ya saa moja kuisha.

Kama mti uko, hapana kuzungusha kamba ya chuma ku mti na kurudisha ndoano juu ya kamba yenyewe. Kamba inajikata, na mti unaumia. Tumia mkanda mpana, ufunge chini, karibu na mizizi. Na kama motokari imenasa sana, puli moja inasaidia: kamba inaenda mpaka ku puli, inarudi ku motokari. Nguvu inakuwa karibu mara mbili, mwendo unapunguka nusu.

« Batoto, mutoke pale! »

Kamba ikanyooka. Vijana wawili walikuwa wamesimama kando yake, mmoja mguu huku, mguu kule, juu ya kamba. Shofere akaacha telekomande.

« Batoto, mutoke pale! Hii kamba ikikatika, haichague mutu. »

Wakacheka. Yeye akanyamaza, mikono mifukoni. Mama wa mgonjwa akapiga kelele: « Papa shofere, mwana wangu anakufa, vuta! » Akamjibu pole pole: « Mama, siwezi kuokoa mwana wako kwa kuua mwana wa mwengine. » Dakika zikapita. Mwisho wa yote, ni mama yule mwenyewe aliyewafukuza vijana wale, kwa kinywa na kwa fimbo.

Shofere alikuwa na haki. Kamba ya chuma iliyovutwa inaweka nguvu ndani yake. Ikikatika, ao ndoano ikitoka, inarudi kama fimbo, haraka kuliko jicho, na inaweza kukata mtu. Kwa hiyo kila mtu akae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, mara moja na nusu ikiwezekana. Katikati ya kamba weka kitu kizito: blanketi lililolowana, koti, ao mfuko wenye udongo kidogo. Kamba ikikatika, uzito ule unaiangusha chini. Boneti ikifunguliwa, inakinga kioo na shofere. Anayeongoza awe mtu mmoja tu, na wengine wanyamaze.

Na mikono? Shofere alituonyesha mkono wake wa kuume: vidole viwili havipo. Alikuwa anaongoza kamba ku ngoma bila glovu, uzi mmoja wa chuma uliokatika ukashika ngozi, ngoma ikavuta. « Nilikuwa na haraka, » akasema. Glovu za ngozi, basi, na mkono usikaribie ngoma inapozunguka.

Batri nayo ina roho

Treyi ya umeme inakula batri. Taa mbili za mbele zinakula karibu ampere 10. Treyi ikivuta kwa nguvu yote inaweza kufikia ampere 400. Motere ya motokari iwake wakati wote. Vuta kidogo, simama, acha treyi ipoe, endelea. Ukiigusa na inachoma mkono, ngoja. Shofere wetu alivuta mara saba ao nane, kila mara nusu ya dakika hivi, huku mwenzake akizungusha magurudumu pole pole. Mara ya mwisho tulisikia potopoto ikilia, sawa mtu anayenyonya chungwa, na motokari ikapanda ku udongo mgumu.

Neno kwa wanaoshuka shimoni

Kuna jambo moja la kusema kwa ma-PDG wa mashimo na kwa familia. Treyi ya motokari imetengenezwa kwa kukokota chini, siyo kwa kupandisha mtu. Breki yake haikupimwa kwa kazi ile. Kama mtu anaona motokari yenye treyi karibu na shimo, anaweza kupata wazo la kushusha ao kupandisha watu nayo. Breki ikishindwa, mtu anaanguka, na hakuna wa kurudisha wakati nyuma. Mama, kama mwana wako anakuambia wanamshusha vile, umuulize maswali. Kuuliza siyo kumfedhehesha.

Tulifika ku hospitali usiku, saa tano. Daktari alisema mfupa utaungana. Mama akakaa chini ku mlango, akavua viatu vilivyojaa potopoto, akauliza shofere iko wapi. Alikuwa inje, na taa ya mkono, anafungua kamba yote, anaipanguza, anatafuta uzi uliokatika mbele ya kuizungusha tena ku ngoma. Njia ya kurudi ilikuwa ile ile.