Sinema Ilipokuwa Kazi ya Kudharauliwa

Mwaka 1906 Carl Laemmle, Myahudi mzaliwa wa Laupheim, Ujerumani, aliacha umeneja wa duka la nguo mjini Oshkosh, Wisconsin, akaenda Chicago kutafuta biashara yake mwenyewe. Alipoona watu wanavyomiminika kwenye vikumbi vya sinema vya kiingilio cha senti 5, akafungua cha kwake.

Wahamiaji wengine Wayahudi walipita njia hiyohiyo. Adolph Zukor wa Hungaria alitoka kwenye biashara ya manyoya, Samuel Goldwyn wa Warsaw kwenye glavu, na Louis B. Mayer, mzaliwa wa Dola ya Urusi, kwenye vyuma chakavu.

Wapo wanaoeleza wingi huu wa Wayahudi katika sinema kwa hadithi za njama za siri. Hiyo ni chuki, na historia yenyewe inaikanusha. Benki kubwa na kazi za heshima ziliwabagua Wayahudi. Sinema nayo ilionekana burudani ya vibarua na wahamiaji, kwa hiyo wenye nafasi hawakuigombania. Ilihitaji mtaji mdogo na kuleta fedha taslimu kila jioni. Tena, aliyezoea kuuza nguo alikwisha jifunza kumsoma mteja: leo anapenda nini, kesho atachoka na nini.

Walioona faida mapema walijaribu kufunga mlango. Desemba 1908 Thomas Edison na wenzake waliunganisha hataza zao katika Motion Picture Patents Company. Kila ukumbi ulitakiwa kulipa dola 2 kwa wiki, na Eastman Kodak ikakubali kuwauzia wenye leseni tu filamu ghafi. Laemmle aligoma. Mwaka 1909 akaanza kutengeneza picha zake mwenyewe, na kesi zikamwandama mfululizo.

Kilichomwinua, kwa maoni yangu, ni kuwaelewa watazamaji kuliko mahasimu wake. Kampuni za muungano ule zilizoea kuficha majina ya waigizaji. Laemmle akamchukua Florence Lawrence kutoka Biograph, mojawapo ya kampuni hizo, na mwaka 1910 akalitangaza jina lake waziwazi. Zukor naye mwaka 1912 alileta filamu ndefu ya Kifaransa ya Malkia Elizabeth, iliyoigizwa na Sarah Bernhardt, wakati wengi waliamini mtazamaji hawezi kuketi zaidi ya robo saa. Oktoba 1915 mahakama iliamua kwamba muungano wa Edison ulivunja sheria. Laemmle alikuwa amekwisha fungua Universal City, studio ya kampuni yake ya Universal, huko California, Machi mwaka huohuo.

Universal ilimtoka mikononi mwaka 1936. Kufikia wakati huo Hitler alikuwa madarakani, na Laemmle alitumia mali yake kuwadhamini Wayahudi waliotaka kuikimbia Ujerumani, wengi wao watu wa kwao Laupheim. Mwaka 1938, maofisa wa Marekani walipoanza kusita kuikubali dhamana ya mzee wa miaka 71, alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje, Cordell Hull, akisihi aruhusiwe kuendelea.